Bahati au Siri? Somo juu ya asili ya uwezekano katika chembe za nuru



Somo letu safari hii ni la sayansi. Huenda wengine wakauliza, sayansi ya namna hii ina kazi gani katika gazeti la parishi? Jibu ni kwamba hoja yenyewe imekwisha kufika majumbani mwetu. Kijana aliyemaliza kidato cha sita anasema sayansi imethibitisha kwamba mambo hutokea bila sababu. Mwuza dawa anasimama sokoni na kusema kwamba mkufu wake unatibu kwa nguvu za "kwanta". Wa tatu anasema imeonekana kwamba ulimwengu unaendeshwa na mawazo yetu. Wote watatu wanataja jambo la kweli, lakini wanalisema isivyo. Maneno kama hayo hayaondoki kwa kukemewa. Huondoka kwa kujifunza. Basi chukua penseli na karatasi, maana mbele kuna hesabu moja ndogo ambayo kila mtu aliyemaliza shule ya msingi aweza kuifanya mwenyewe.

1. BAO, KARATA NA DADU

Tuanze na michezo tunayoijua. Katika bao, kete zote ziko wazi. Anayeshindwa hawezi kusema kwamba amefichwa kitu. Kilichompungukia ni hesabu tu.

Karata ni mchezo wa namna nyingine. (Wazee wa kanisa mnisamehe, sifundishi kamari.) Chukua karata nne, moja nyekundu na tatu nyeusi. Zichanganye, uzifunike mezani. Ukiulizwa kama ile ya kwanza ni nyekundu, utajibu: uwezekano ni mmoja katika nne, yaani robo. Lakini karata yenyewe haina robo ya wekundu. Ama ni nyekundu, ama ni nyeusi, na ilikuwa hivyo kabla hujaigusa. Ile robo imo kichwani mwako. Mwenzako aliyechungulia hana robo yo yote, yeye anajua.

Na dadu je? Ukitazama vizuri, dadu nayo ni karata iliyofunikwa. Nguvu ya mkono, namna ilivyozunguka, ugumu wa meza, vyote huamua ni upande gani utakaokaa juu. Sisi hatuwezi kuvipima vyote kwa wakati, ndiyo maana twasema "bahati". Mfaransa Laplace aliandika mwaka 1814 kwamba akili ambayo ingejua mahali pa kila kitu na nguvu zote zinazokisukuma, isingekuwa na shaka juu ya lo lote litakalokuja. Kwa mawazo hayo, uwezekano ni jina la kutojua kwetu, basi. Wanasayansi waliyashika mawazo hayo kwa zaidi ya miaka 100.

Swali la somo letu ni hili: je, kila bahati iliyoko duniani ni ya namna hiyo? Au ipo bahati ambayo hata mwenye kuchungulia asingeijua, kwa kuwa hakuna kilichoandikwa chini ya karata?

2. CHEMBE YA NURU MLANGONI

Nuru husafiri kama wimbi, na wimbi hilo hutikisika kukata njia yake: juu na chini, au kulia na kushoto, au kwa mshazari. Kuna vioo vya pekee vinavyopitisha mtikisiko wa upande mmoja tu. Vimo katika ile miwani ya jua inayoondoa mng'ao juu ya maji. Tuviite machujio. Mwenye miwani hiyo aitazame saa au kikokotoo chenye tarakimu nyeusi, kisha aigeuze miwani polepole kama usukani. Atafika mahali ambapo kioo chote cha tarakimu kinakuwa cheusi, maana nuru itokayo humo imekwisha kuchujwa.

Sheria ya machujio ilijulikana tangu mwanzo wa karne ya 19. Nuru ikiisha kupita chujio lililosimama wima, ikakutana na la pili lililo wima pia, yote hupita. La pili likilazwa kabisa, yaani nyuzi 90, hakipiti kitu. Likiinamishwa nyuzi 45, nusu hupita. Likiinamishwa nyuzi 60, robo hupita.

Mpaka hapo hakuna la kushangaza. Lakini mwaka 1905 Albert Einstein alitoa hoja kwamba nuru huja kwa chembe, na majaribio ya baadaye yakamthibitisha. Chembe hiyo huitwa fotoni. Leo maabara zaweza kuipunguza nuru hata fotoni zije moja moja, kama watu kwenye mlango mwembamba. Sasa fotoni moja inafika kwenye chujio la nyuzi 60. Robo ya fotoni haiwezi kupita, kwa sababu chombo cha kuhesabu hakipokei vipande vya fotoni. Ama inapita nzima, ama inazuiwa nzima. Zikija 1,000, karibu 250 zitapita na karibu 750 zitazuiwa. Lakini ni zipi? Zote zimetoka katika chujio lile lile la kwanza, na hakuna kipimo kinachoonyesha kwamba moja inatofautiana na nyingine.

Jambo kama hilo liko pia katika atomu zinazotoa mionzi. Iodini 131, ambayo hospitali kubwa huitumia kwa magonjwa ya tezi ya shingo, hupungua nusu kila baada ya siku 8. Si kama maharagwe ghalani, ambayo yaliyokaa sana ndiyo huharibika kwanza. Atomu haizeeki. Ile iliyosalia baada ya siku 80 ni sawasawa na ile iliyotengenezwa leo asubuhi. Uwezekano wake wa kuvunjika kesho ni ule ule.

Basi twauliza: fotoni hiyo ina karata yake iliyofunikwa, iliyoandikwa "pita" au "zuiliwa" tangu ilipozaliwa? Wataalamu huiita karata hiyo kigeu kilichofichika. Kama ipo, ile robo ni kutojua kwetu tu. Kama haipo, ile robo ni tabia ya ulimwengu wenyewe.

Ugumu ni kwamba kuisoma karata kwa nguvu hakusaidii. Weka machujio mawili, moja wima na moja limelazwa: giza. Kisha ingiza la tatu katikati yake, limeinama nyuzi 45. Nuru inarudi! Kuongeza kizuizi kumeongeza nuru. Maana yake chujio si kama chekecheke inayotenga unga na chenga. Chujio huibadilisha fotoni inayopita. Kwa hiyo anayetetea karata aweza kusema: "Karata ipo, ila mkono wenu unaifuta mnapoishika." Hapana budi itafutwe njia ya kuisoma pasipo kuigusa.

3. UBISHI WA EINSTEIN

Mwaka 1926 Max Born, mtaalamu wa Ujerumani, alitoa kanuni inayotumika mpaka leo. Alisema kwamba lile wimbi la hesabu za kwanta halituambii kitakachotokea; ukilizidisha ukubwa wake kwa ukubwa wake, unapata uwezekano wa kila jibu. Hakuna zaidi ya hapo. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1954.

Einstein alikuwa rafiki yake. Mwezi Desemba wa mwaka ule ule wa 1926 alimwandikia barua akikiri kwamba nadharia hiyo ina mengi, lakini yeye hakusadiki kwamba Mungu anacheza dadu. Maneno hayo yamerudiwa sana hata yakapotoshwa. Einstein hakuwa akihubiri. Kwa jina la Mungu alimaanisha utaratibu wa ulimwengu. Wala hakuwa mzee aliyekataa mambo mapya. Alichouliza ni swali la haki kabisa: je, nadharia hii imesema yote yaliyopo, au imeacha kitu?

Mwaka 1935, pamoja na Boris Podolsky na Nathan Rosen, aliipata njia ya kuisoma karata pasipo kuigusa. Mfano wao ulikuwa wa namna nyingine. Mimi nitautumia wa fotoni, kama walivyofanya walimu waliokuja baadaye. Kuna atomu ambazo hutoa fotoni mbili kwa pamoja, moja ikaenda mashariki na nyingine magharibi. Ukiweka chujio huku na huko kwa pembe ile ile, majibu huwa yale yale: zote zinapita au zote zinazuiwa. Haidhuru ni pembe gani umechagua, mradi iwe moja pande zote mbili.

Sasa pima ile ya mashariki. Mara moja umejua jibu la ile ya magharibi, na hujaigusa. Hapo Einstein akasema: ikiwa naweza kulijua jibu lake bila kuigusa, basi jibu lilikuwepo tayari. Karata imeandikwa. Vinginevyo tungelazimika kusema kwamba kipimo cha huku kinaigeuza chembe ya kule papo hapo, na hilo hakuweza kulikubali.

Hoja hii yaeleweka kwa mfano wa soksi, ambao John Bell aliuandika mwaka 1981 juu ya mwenzake Reinhold Bertlmann. Bwana huyo alizoea kuvaa soksi za rangi mbalimbali. Ukiona mguu mmoja una soksi ya waridi, umejua kwamba mguu wa pili hauna ya waridi, hata kama bado uko nyuma ya mlango. Hakuna mwujiza, soksi zilivaliwa asubuhi. Einstein alitaka fotoni nazo ziwe soksi.

Niels Bohr wa Denmaki alimjibu mwaka ule ule, na wengi wakaona neno limekwisha. Kwa karibu miaka 30 ikadhaniwa kwamba swali hilo ni la wanafalsafa, halina hesabu.

4. MTIHANI WA KULWA NA DOTO

Aliyeligeuza kuwa la hesabu ni huyo John Stewart Bell. Alizaliwa Belfast mwaka 1928, na kazi yake ya kila siku ilikuwa katika kituo cha CERN karibu na Geneva, Uswisi. Mwaka 1964 alitoa makala ya kurasa sita. Nami nitaieleza kwa mfano ambao msimamizi ye yote wa mitihani ataufahamu.

Mapacha wawili, Kulwa na Doto, wanaingia vyumba viwili vilivyo mbali. Katika kila chumba yuko msimamizi mwenye maswali matatu: A, B na C. Kila swali hujibiwa "ndiyo" au "hapana". Kila msimamizi huchagua swali moja kwa kura, wala hamwambii mwenzake. Zoezi hili hurudiwa mamia ya mara. Kabla ya kila mara, mapacha wanaruhusiwa kukutana nje na kupatana wapendavyo. Wakiisha kuingia, hakuna mawasiliano.

Inaonekana kwamba kila walipoulizwa swali lile lile, majibu yao ni sawa, bila kukosa hata mara moja. Msimamizi mzoefu hatatafuta maelezo mengi. Atasema wamepatana: kila mmoja ameingia na kikaratasi chenye majibu ya maswali yote matatu, na vikaratasi hivyo vinafanana. Ndiyo karata ya Einstein.

Haya, shika penseli. Andika vikaratasi vyote vinavyowezekana, N ikiwa ndiyo na H ikiwa hapana, kwa mpango wa A, B, C:

NNN, NNH, NHN, NHH, HNN, HNH, HHN, HHH.

Ni vinane, hakuna cha tisa. Sasa tazama zile mara ambazo mapacha waliulizwa maswali tofauti. Jozi za maswali ni tatu: A na B, A na C, B na C. Kikaratasi NNN kinatoa majibu sawa kwa jozi zote tatu. Kikaratasi NNH kinatoa majibu sawa kwa A na B, na tofauti kwa jozi mbili nyingine. Yaani mara moja kati ya tatu. Endelea na vilivyobaki. Utaona kwamba hakuna hata kimoja kinachokosa jozi yenye majibu sawa. Sababu yake ni nyepesi: maneno ni mawili na maswali ni matatu. Ukiwalaza watoto watatu kwenye vitanda viwili, hapana budi wawili walale pamoja.

Basi mapacha wapatane kwa werevu wo wote, wabadili vikaratasi kila mara, wavitumie kwa zamu. Wakiulizwa maswali tofauti, majibu yatakuwa sawa angalau theluthi moja ya mara. Katika mara 300, hayo ni 100 au zaidi, pengine pungufu ya wachache kwa sababu ya kura.

Sasa turudi kwenye fotoni. Swali A liwe chujio lililo wima, B liwe lililoinama nyuzi 60, C nyuzi 120. Kwa chujio la namna moja pande zote mbili, majibu ni sawa daima, kama ya mapacha. Kwa machujio tofauti, hesabu za kwanta zinasema majibu yatakuwa sawa robo ya mara. Katika mara 300, ni 75.

Kikaratasi chadai 100, kwanta yasema 75. Tofauti hiyo ndiyo ugunduzi wa Bell. Wote wawili hawawezi kuwa sawa, na anayeweza kuamua si mwanafalsafa tena. Ni mtu mwenye chombo cha kuhesabu.

5. MAABARA ZILIJIBU NINI

Maabara hutumia pembe nyingine, na hesabu iliyotengenezwa mwaka 1969 na Clauser, Horne, Shimony na Holt, ila wazo ni lile lile. Katika hesabu yao, vikaratasi haviwezi kuvuka namba 2. Kwanta yaweza kufika karibu 2.83.

Mwaka 1972 John Clauser na Stuart Freedman walifanya jaribio la kwanza huko Berkeley, California, kwa fotoni zitokazo katika atomu za kalsiamu. Clauser mwenyewe alitumaini kwamba kwanta itashindwa. Haikushindwa. Yafaa tukumbuke jambo hilo: mtu alipanga jaribio akitazamia jibu moja, akapata la pili, akalitangaza kama lilivyo.

Mwaka 1982, karibu na Paris, Ufaransa, Alain Aspect na wenzake walipata 2.697. Katika jaribio jingine la mwaka ule ule, njia za kuelekea kwenye machujio zilibadilishwa wakati fotoni zimekwisha kuondoka, ili Doto asipate nafasi ya kujua Kulwa ameulizwa nini.

Wenye kushuku hawakunyamaza, na walikuwa na haki. Walisema kwamba vyombo vinazikosa fotoni nyingi. Huenda zile zinazohesabiwa si mfano wa zote, kama mtu akitaka kujua afya ya kijiji kwa kuwauliza wale waliofika zahanati tu. Neno hilo lilijibiwa mwaka 2015. Huko Delft, Uholanzi, walitumia elektroni ndani ya almasi mbili zilizo mbali kwa kilometa 1.3, na kila jaribio lililoanza lilihesabiwa. Katika majaribio 245 walipata 2.42. Mwaka ule ule, watu wa Vienna, Austria, na wa Boulder, Marekani, walipata jibu la namna hiyo kwa fotoni. Mwaka 2018 watafiti walioko kisiwa cha La Palma waliyaachia machaguo ya maswali nuru ya nyota-galaksi za mbali sana, iliyosafiri zaidi ya miaka bilioni 7. Jibu halikubadilika.

Clauser, Aspect na Anton Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2022. Bell alikuwa amefariki mwaka 1990, na tuzo hiyo haitolewi kwa marehemu.

6. LILILOTHIBITIKA NA LISILOTHIBITIKA

Hapa ndipo msomaji awe mwangalifu kuliko mahali pengine po pote. Kilichoanguka ni nini? Tulipohesabu vikaratasi tulikubali mambo matatu: kwamba majibu yapo kabla ya kuuliza, kwamba kinachofanyika chumba hiki hakigusi chumba kile, na kwamba kura za wasimamizi hazikupangwa pamoja na vikaratasi. Majaribio yameonyesha kwamba yote matatu hayawezi kusimama pamoja. Hayakutuambia ni lipi lililoanguka. Kwa hiyo njia zimegawanyika.

Wa kwanza husema hakuna karata. Uwezekano ni tabia ya ulimwengu wenyewe, na jibu huzaliwa wakati wa kipimo. Hivyo ndivyo vitabu vingi hufundisha.

Wa pili hufuata kazi ya David Bohm ya mwaka 1952. Kwao karata ipo: kila chembe ina mahali pake daima, nalo wimbi huiongoza. Bahati ni kutojua kwetu mahali ilipoanzia, kama dadu. Hesabu zao hutoa majibu yale yale, 75 katika 300. Lakini gharama yake ni kubwa: kipimo cha huku hugusa chembe ya kule papo hapo. Bell aliiheshimu sana kazi ya Bohm, nayo ndiyo iliyomfanya aulize swali lake.

Wa tatu, wafuasi wa Hugh Everett wa mwaka 1957, husema majibu yote hutokea, kila moja katika tawi lake la ulimwengu. Hao wana kazi ya kueleza neno "robo" lina maana gani ikiwa hakuna lisilotokea. Wapo pia wachache wanaolishuku lile jambo la tatu, yaani kura za wasimamizi. Lakini njia hiyo ikishikwa sana, hakuna jaribio lo lote la sayansi litakaloaminika.

Mpaka leo hakuna kipimo kilichoamua kati ya Born na Bohm. Kwa hiyo kijana wetu wa kidato cha sita akisema kwamba imethibitishwa mambo hutokea bila sababu, tumwambie kwa upole: bado. Kilichothibitika ni kwamba ile sababu ya zamani, iliyobebwa na kila chembe peke yake kama kikaratasi mfukoni, haitoshi. Tena, hata kama bahati imo katika ulimwengu wenyewe, si fujo. Katika 1,000 zitapita karibu 250, leo na kesho, hapa na Geneva. Hakuna mtu aliyewahi kuihonga hesabu hiyo.

Yule mwuza mikufu naye ajibiwe. Katika yote niliyoyaeleza hakuna hata kipimo kimoja kinachohusu mkufu wa kutibu. Neno limeazimwa ili kuuza. Mgonjwa wa sukari au wa shinikizo la damu akiacha vidonge vyake kwa ajili ya neno asilolielewa, hasara haitakuwa ya mwuzaji. Jirani akikuonyesha mkufu huo, msaidie arudi zahanati.

Na yule asemaye mawazo yetu huendesha ulimwengu? Vyombo hivi huhesabu usiku watu wakiwa wamelala, na asubuhi hesabu ni ile ile. "Kupima" hapa maana yake ni chembe kukutana na chombo kinachoacha alama, wala hakuhitaji mtu awaze neno. Wala hakuna awezaye kutuma habari kwa njia hii. Doto akiitazama karatasi yake peke yake, anaona nusu ndiyo na nusu hapana, cho chote afanyacho Kulwa. Ile ajabu huonekana tu siku karatasi mbili zinapoletwa pamoja, kwa gari au kwa simu kama habari nyingine zote.

7. NENO KWA WANAOULIZA JUU YA IMANI

Kwa kuwa Einstein alilitaja jina la Mungu, huulizwa kama majaribio haya yanapinga maongozi yake au yanayatetea. Kanisa halikuanza leo kujua habari za kura. Mathiya alichaguliwa hivyo katika Matendo ya Mitume sura ya 1, na Mithali 16:33 inazungumza juu ya kura kutupwa. Waliosoma maneno hayo zamani hawakuwa na fizikia ya Born wala ya Bohm, wala hawakuhitaji mojawapo. Basi tusiitundike imani kwenye ubishi ambao wataalamu hawajaumaliza. Anayesema "hapa ndipo Mungu anapopitia, katika bahati ya fotoni" atafanyaje siku ikionekana kwamba Bohm ndiye aliyekuwa sahihi?

Tunachoweza kujifunza wote ni uaminifu wa kazi yenyewe. Swali lililodharauliwa kwa miaka 30 liligeuzwa kuwa hesabu; hesabu ikajaribiwa; mashaka yakasikilizwa mpaka yakajibiwa; na lililobaki bila jibu likaachwa wazi, pasipo kufunikwa kwa maneno.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja jambo moja la maisha ya kila siku ambalo twaliita bahati. Je, ni karata iliyofunikwa? Ungehitaji kujua nini ili bahati hiyo iishe?

2. Andika tena vikaratasi vinane. Kwa kila kimoja, hesabu jozi zenye majibu sawa. Kwa nini hakuna kinachopata sifuri?

3. Soksi za Bertlmann na fotoni mbili vinafanana wapi, na vinaachana wapi? Jibu kwa kutumia namba 100 na 75.

4. Kama mapacha wangeulizwa maswali mawili tu badala ya matatu, je, msimamizi angeweza kuukamata udanganyifu wao kwa hesabu hii? Jaribu kwa penseli.

5. Mtu akikuletea dawa na kusema "sayansi ya kwanta imethibitisha", utamwuliza maswali gani kabla ya kutoa fedha?

Vikundi vya vijana na vya akina mama vyaweza kuufanya mtihani wa Kulwa na Doto kwa vyumba viwili vya shule ya Jumapili, kwa kura za karatasi na mara 60 tu. Mapacha wapatane wawezavyo kujibu sawa katika maswali ya namna moja, na tofauti katika yasiyo ya namna moja. Andikeni hesabu ubaoni. Mkirudia tena na tena, mtaona kwamba theluthi inawashika, na hapo ndipo mtakapoelewa kwa nini ile robo iliwashangaza watu wazima waliozoea hesabu.

Wasalaam,
Mwalimu mstaafu wa Chuo cha Ualimu